Nani njo patro wako?

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa Lubumbashi, mkesha wa Sikukuu ya Kazi



Kesho ni tarehe 1 Mei. Mutaona watu wakipita barabarani kwa mistari, kila kampuni na tishati yake mpya, kofia yake, bendera yake. Kiisha watu wataenda kunywa bia na kula mbuzi. Hatuna ubaya na ile. Mtu aliyetoka jasho mwaka muzima ako na haki ya siku moja ya furaha. Lakini leo, mbele tishati hazijavaliwa, tunapenda kuuliza swali moja tu: nani njo patro wako?

Linaonekana kama swali la mtoto. Jaribu kulijibu. Angalia kijana anayerudi huku Lubumbashi mwisho wa mwezi, anayefanya kazi kwenye mgodi upande wa Kolwezi. Kwenye jile yake kumeandikwa jina la kampuni kubwa, ile yenye mgodi. Kwenye baji kuko jina la pili. Kwenye karatasi ya mshahara, kama anapewa karatasi, kuko jina la tatu, ambalo hata mke wake hajawahi kulisikia. Yule aliyemwandikisha alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, na leo ile ofisi ni duka la simu. Mkubwa anayempigia kelele asubuhi hana ruhusa ya kumwongezea hata franka moja. Na mwenye ile ruhusa anakaa inchi ingine, hajui hata kama huyu kijana ako duniani.

Njo ile tunaita sutretansi. Kampuni kubwa inachukua kampuni ndogo, kampuni ndogo inachukua ndogo kuliko yeye, na ile ya mwisho njo inakuchukua wewe. Kwa miezi mitatu. Mara ingine kwa mwezi mmoja. Mara ingine kwa siku.

Sisi tunaosema haya tuko na diploma. Tulisoma jeolojia, sheria, uchumi, umeme, na wengi kati yetu leo tunapeleka moto ama tunauza kadi za simu. Tunajua kuko mtu hapa anayejisemea: nyinyi hata kazi hamuna, mnatafuta nini katika mambo ya wenye kazi? Tutamjibu. Tunaomba kwanza turudi nyuma kidogo, juu bila historia tutagombana bure.

Wazee wetu walikuwa wanasema Union Minière ni baba na ni mama. Mtu akiingia kazi, kampuni ilimpa nyumba kwenye kambi, ilimpa posho, ilisomesha watoto wake, ilizalisha mke wake kwenye hospitali yake. Kuko mabibi huku Lubumbashi wanaokumbuka mpaka leo kilo za unga zilizokuwa zinapimwa kwa kila familia. Gécamines ilipokuja, ikafuata njia ile ile. Hata leo ukipita kwenye nyumba za zamani za kambi, unaona kama mtu alikuwa amepanga maisha ya watu wengine mpaka kwenye upana wa kiwanja.

Sisi hatulilii ile. Baba anayekupa posho njo baba anayekuchapa. Mwaka 1941 vita ya Ulaya ilipandisha bei ya vitu huku kwetu, na mshahara ukabaki palepale. Shaba ya Katanga ilikuwa inaenda kwenye vita, na anayeichimba hakuweza kununua kitambaa cha kumvika mke wake. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941, kwenye kiwanja cha mpira, huku huku mujini, mji uliokuwa ungali unaitwa Élisabethville, askari wakawapiga risasi. Wakafa watu kwa makumi. Katika waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani, mtu aliyekuwa amesoma, aliyesimama kuwasemea wenzake. Wengi wetu tulipita shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu bila kusikia jina lake hata mara moja. Tuachie pale.

Tunaikumbusha juu ya kitu kimoja. Wale watu wa 1941 walijua mlango wa kugonga. Walijua ni nani anayekata bei ya jasho lao, anakaa nyumba gani, anapita barabara gani asubuhi. Walikufa mbele ya patro waliyemjua. Leo tukigoma tunagomea nani? Kampuni ndogo itasema: mimi ninalipwa kidogo na kampuni kubwa. Kampuni kubwa itasema: hawa hawako wafanyakazi wangu. Leta itasema: tunafuatilia. Wote watatu watasema ukweli kidogo, na wewe utarudi nyumbani na njaa.

Watu wa vitabu wanaita haya mambo utandawazi. Neno kubwa. Sisi tunalijua kwa namna ingine: bei ya shaba inapangwa London, betri inatengenezwa China, gari linauzwa Ujerumani na Marekani, na kontra yako inakatika Kolwezi.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Kiisha mambo yakaharibika: Leta ilikuwa inakula pesa ya kampuni bila kutengeneza mashine, na mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 1994 shaba yote ya Gécamines haikufika hata tani 50,000. Watu wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kwa hiari! Mtu hajalipwa zaidi ya mwaka, unamwekea dola chache kwenye meza, unamwambia chagua. Watoto wao njo sisi. Wengi kati yetu tulisomeshwa na mama aliyeuza makala, juu baba aliyekuwa na kofia ya Gécamines alikuwa anashinda kwenye kiti mbele ya nyumba.

Sasa sikilizeni namba ingine. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni zaidi ya mara sita kuliko ile siku kubwa ya Gécamines. Sisi njo wa pili duniani, nyuma ya Chile. Na kobalti, zaidi ya 70 kwa 100 ya ile inayochimbwa katika dunia yote inatoka kwetu, kati ya Likasi na Kolwezi. Kazi haikukufa basi. Iko nyingi kuliko zamani. Tunaona malori usiku na mchana kwenye barabara ya Kasumbalesa. Kile kilichokufa ni kitu kingine: ile kamba iliyokuwa inafunga mfanyakazi na yule anayekula faida ya kazi yake. Imekatwa vipande vipande, na kila kipande kimepewa mwenye kampuni yake.

Kwa nini wanaikata? Si juu ya roho mbaya tu. Mwezi wa Machi 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwisho wa mwaka ule mgodi wa Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya kobalti duniani, ukafungwa, na haukurudi kufanya kazi mbele ya 2021. Mwezi wa Februari 2025 bei ilikuwa imelala tena, na serikali yetu yenyewe ikakataza kobalti isitoke, miezi na miezi, mpaka Oktoba ilipoanza kupima kila kampuni tani zake. Hatusemi serikali ilikosea. Inchi yenye kobalti nyingi namna hii haiwezi kuiuza kama matembele. Lakini angalieni kampuni inafanya hesabu gani. Inajua bei itapanda na kushuka. Inajua kule China wanatengeneza betri zisizo na kobalti hata kidogo. Haitaki kubeba wasiwasi ule peke yake. Basi inautuma chini, kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo inautuma chini tena, mpaka unafika kwa mtu ambaye hana chini ya kuutuma. Yule njo mwenye kontra ya miezi mitatu. Bei ikishuka, hakuna anayemfukuza: kontra imeisha tu. Na bei ikipanda? Hatujasikia hata siku moja kontra ya miezi mitatu ikipanda juu kobalti imepanda.

Mwaka 2021 shirika RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa watu wa sutretansi. Zaidi ya nusu! Siku hizi ukimuuliza mtu wa mgodi kazi yake, jibu la kawaida njo lile.

Na mwaka mmoja mbele ya pale, wakati wa korona, kuko wafanyakazi waliofungiwa ndani ya migodi wiki na wiki, wengine miezi, wafanye kazi na kulala kule kule, bila kuona watoto. Dunia yote ilikuwa imefungwa ndani ya nyumba zake. Wale walifungiwa ndani ya kazi. Walioogopa kukataa ni akina nani? Wale ambao kontra yao iko karibu kuisha. Ile miezi mitatu inafanya kazi ya polisi bila kulipwa.

Sasa tuseme juu ya furaha ya kazi, juu watu wanafikiri ni neno la wazungu wenye ofisi za baridi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Inasema tena malipo yawe ya haki na ya kutosheleza, mtu aishi na familia yake kwa heshima ya binadamu. Kutosheleza! Waliiandika. Sisi hatukuitunga.

Tumezungumza na vijana wengi wanaofanya kazi hizi, kwenye basi, kwenye misa, kwenye matanga. Tulifikiri watasema mshahara, mshahara, mshahara. Wanasema mshahara, ndiyo. Mshahara wa chini wa sheria ulikuwa franka 7,075 kwa siku toka 2018. Wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 4, na mwanzo wa 2025, juu ya franka kuanguka, haikufika dola 3. Walipoupandisha kwa 14,500 mwaka ule, watu hawakucheza ngoma, walisema tu: tumerudi tulipokuwa, na kidogo juu yake. Wale wa mgodi wanapata zaidi ya ile, kweli. Lakini wakishamaliza mambo ya mshahara, ukiwaacha waseme, wanaingia kwenye mambo mengine kabisa.

Wanasema: mimi na mwenzangu tunaendesha mashine moja, yeye mchana, mimi usiku, yeye ako na kontra ya kampuni kubwa, mimi ya ndogo, na mshahara wake unakula wangu mara mbili. Wanasema: anayo hospitali kwa mtoto wake, mimi nalipa. Wanasema: hata basi hatupande moja, hata chakula hatule kwenye meza moja. Wanasema: nikiona jiwe linataka kuanguka, sitasema, juu aliyesema mara ya mwisho hakuitwa tena. Wanasema: mwenye nyumba anauliza kontra ya mwaka, mimi niko na ya miezi mitatu, basi ninaishi kwa shemeji. Wanasema: nimeshindwa kwenda kwa baba mkwe, nitamwambia nafanya kazi wapi?

Hayo njo yanaua furaha ya kazi. Mtu anaweza kubeba kazi ngumu. Watu wetu hawajawahi kukimbia kazi ngumu, wale wachimbaji wa mikono wanaingia kwenye mashimo ambayo panya anafikiri mara mbili mbele ya kuingia. Kile mtu hawezi kubeba miaka na miaka ni kazi isiyokuwa na kesho, kazi ambayo hawezi kusema hapana, kazi ambayo akijifunza kitu kipya hakuna anayeandika pahali kama amejifunza.

Sasa tumjibu yule aliyetuuliza sisi wasio na kazi tunatafuta nini hapa.

Ndugu yetu, njo sisi tunafanya ile mashine izunguke. Kila siku kijana wa mgodi anaambiwa: kama hautaki, kuko mia moja inje wanangoja. Wale mia moja ni sisi. Diploma zetu, sivi zetu, asubuhi zetu za kusimama kwenye mlango wa kampuni, njo fimbo wanayompigia. Na tuseme wazi: wakituita kesho kwa miezi mitatu, tutaenda. Tutaenda mbio. Kuko wenzetu wanaosema kukubali kontra kama ile ni kuuza ndugu zako. Tunaomba waje waseme ile maneno mbele ya mama anayengoja pesa ya masomo ya wadogo. Hatuna haya kutafuta kazi. Lakini kama sisi njo fimbo, basi siku sisi na yule aliye ndani tutakuwa tunajua kitu kimoja na kuuliza swali moja, fimbo itakuwa imevunjika. Njo maana tuko hapa pamoja, wenye jile na wasio na jile.

Kuko majibu mawili ya haraka yanayozunguka kwenye simu zetu, na hatuwezi kuyapita kimya.

La kwanza ni kusema: ni Wachina. Wachina wako, hatukatae, na kuko migodi yao ambako watu wanasemeshwa vibaya na kuchapwa. Yale yaandikwe na yashitakiwe. Lakini migodi haiko ya Wachina peke yao, na sutretansi inafanywa na wote. Tena muangalie sheria ya sutretansi, ile ya tarehe 8 Februari 2017. Inasema kazi ya sutretansi ni ya kampuni zenye mali ya Wakongomani kwa wingi. Ni sheria nzuri kwa upande mmoja, inataka pesa ibaki inchini. Maana yake tena ni hii: yule anayekata mshahara wako katikati, leo ni Mkongomani. Anasema Kiswahili kama wewe. Labda anasali kanisa lako. Ile sheria ilihesabu nani atakuwa patro, na ikanyamaza juu ya mtu anayefanya kazi kwa ule patro. Tutapigania faida irudi kwa Wakongomani. Hatutakubali kama Wakongomani maana yake ni wenye makampuni tu.

La pili ni baya kuliko. Ni kusema: ni wale wa Kasai, wanakuja kwa gari moshi na kwa malori, wanachukua kazi zetu. Wandugu, tuwe makini sana pale. Mwaka 1992 na 1993, wakati Gécamines ilikuwa inaanguka, wanasiasa waliwaambia vijana wa umri wetu maneno haya haya. Watu kwa mamia ya elfu walifukuzwa, walilala miezi kwenye gari za Likasi na Kolwezi wakingoja gari moshi, watoto walifia pale kwenye reli. Wengine walikuwa wamezaliwa kwenye kambi, hawajawahi kuiona Kasai. Na kisha kufukuzwa kwao, nani alipata kazi? Shaba iliongezeka? Mishahara ililipwa? Gécamines iliendelea kuanguka bila kuuliza kabila la mtu. Katika harakati yetu mtu akituma ujumbe wa namna ile, tunamtoa kwenye kundi, na tutaendelea kumtoa.

Turudi kwenye kazi. Kuko sheria, na nyingi kati yetu hatuijui. Sheria ya kazi ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema kontra yenye mwisho haipite miaka miwili. Inasema tena mtu hawezi kufungwa na patro mmoja kwa zaidi ya kontra mbili za namna ile, isipokuwa kwa kazi za musimu na zingine chache zinazotajwa. Kibarua aliyefanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, si kibarua tena: kontra yake inahesabiwa kuwa ya bila mwisho. Asiye na kontra ya kuandikwa, sheria inamhesabu kuwa na kontra ya bila mwisho, mpaka patro aonyeshe kinyume. Wiki ni saa 45. Na kwa kazi ileile, ujuzi uleule, matokeo yaleyale, mshahara ni uleule, hata mtu atoke wapi.

Ukiisoma unafikiri tumepona. Sasa muone namna wanaizunguka. Sheria inasema kontra mbili na patro mmoja. Basi kontra mbili zikiisha, kampuni ndogo inaondoka, inakuja ingine, na jina lingine, wakati mwingine na meza ileile na sekretari yuleyule, na wewe unaanza kuhesabu toka moja. Miaka sita kwenye mashine moja, kwenye shimo moja, chini ya vumbi moja, na kwenye karatasi wewe ni mfanyakazi mpya. Sheria ile ya 2017 inasema pia kampuni haiwezi kutoa sutretansi zaidi ya 40 kwa 100 ya thamani ya soko. Nani anapima? Inspekta wa kazi asiye na gari la kufika kwenye mgodi, ambaye mara nyingi anapelekwa kule na gari la kampuni anayoenda kukagua?

Kwa hiyo hatuombi sheria mpya kwanza. Ile ya mwisho ilichukua miaka. Tunaomba mambo ambayo yanaweza kufanyika mwaka huu. Kila mgodi ubandike kwenye mlango wake majina ya kampuni zote za sutretansi zilizo ndani, na hesabu ya watu wa kila moja. Ni karatasi moja na gundi. Inspeksioni ya kazi ihesabu miaka ya mtu kwa pahali anapofanya kazi, si kwa jina la kampuni iliyobadilika juu yake. Na delege wa sindika wa kampuni kubwa wakubali kusemea watu wa sutretansi. Hawa tunawaambia kwa heshima, wengine ni baba zetu: mukiendelea kuchunga wachache walio ndani peke yao, kila mwaka mutakuwa wachache zaidi.

Watatujibu kama tukisumbua kampuni, zitaondoka. Zitaenda wapi? Shaba iko chini ya miguu yetu. Kiwanda cha nguo kinaweza kuhama kwa meli, Kamoto haihami. Wanaweza kupunguza, wanaweza kungoja bei, tumeona Mutanda. Ile ni hatari ya kweli na hatuichezi. Lakini ilikuwa pale hata wakati sisi tulikuwa kimya, na ukimya wetu haukufungua Mutanda hata siku moja mbele ya wakati.

Sasa kazi yenyewe. Toka Jumamosi hii, saa nane kamili, na Jumamosi zote sita zinazofuata, tutakuwa hapa hapa kukusanya kontra. Hatutaki jina lako. Leta picha ya kontra kwenye simu, tutafunika jina na namba mbele yako mwenyewe, na hautaondoka mbele ya kuona imefunikwa. Tunaandika vitu vinne: jina la mgodi, jina la kampuni iliyotia sahihi, tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Wenzetu waliosoma sheria watakaa kwenye meza ya kushoto, watakusomea kontra yako kwa Kiswahili, bure, juu wengi walitia sahihi karatasi ya Kifaransa bila kuelewa ukurasa wa pili. Wenzetu wa Kolwezi na Likasi wanafanya vile vile kwao. Jumamosi ya mwisho ikipita tunapeleka yote kwa Inspeksioni ya kazi, na kopi kwenye bunge la jimbo, mchana, kwa mkono, na tunaomba muhuri wa kupokea.

Usipige picha ndani ya mgodi. Usivae jile siku ile kama unaogopa. Usimtaje mwenzako asiyekutuma. Kama uko na dada ama mke anayefanya kazi ya kupika ama kufagia kwenye kambi za mgodi, mwambie aje naye. Wale ni sutretansi ya sutretansi, na hakuna anayewahesabu.

Na kama hauna kontra ya kuandikwa, kuja hivyo hivyo. Tutaandika tarehe uliyoanza, siku ulizofanya, na jina lililokuwa kwenye jile yako.